Hiki Kilishapona Zamani

"Weka tena, mama."

Nikaweka.

"Bonyeza kidogo. Usibonyeze sana."

Nikabonyeza kidogo, si sana. Kijana aliyekaa chini ya mwavuli pale Tandika aliitazama simu yake, akakitazama kile kidude cha kuchukulia alama za vidole, akakifuta kwa pindo la fulana, akanisogezea tena. Nilikuwa nimekwenda kurudisha laini iliyopotea pamoja na pochi. Ni shughuli ya dakika chache kwa wenye vidole vyao. Nyuma yangu foleni ilikuwa inarefuka, na dada mmoja mwenye mtoto mgongoni alishaanza kuguna.

"Paka jasho la usoni, mama. Hapo kwenye paji. Huwa inasaidia."

Nikapaka. Wapi. Nikafuta kidole kwenye mtandio, nikakipulizia pumzi ya moto, nikaweka upya. Bado. Kijana akanishika mkono kwa adabu, akakigeuza kidole changu cha shahada juani, na hapo akauona ule mstari unaokatiza ncha nzima kwa mshazari.

"Hiki kiliumia lini?"

"Zamani sana, mwanangu. Kilishapona."

"Mashine haijui kama kilipona," alisema, wala hakuwa na nia ya kunichekesha. Akahamia kidole gumba cha kushoto, kikakubali, akanipa laini yangu, akaita anayefuata.

Lile jibu lake nimekaa nalo wiki kadhaa sasa. Ningekuwa fundi cherehani au mwalimu, labda lingenipita. Lakini mimi ni nesi mstaafu. Miaka yangu mingi ya kazi ilipita kwenye chumba cha vidonda, na neno hilo la kupona nimewaambia watu wengi sana.

Kwenye mbuzi

Kidole chenyewe nilikiumiza Magomeni, nikiwa bado wa shule ya msingi, mwezi wa Ramadhani, futari ikiwa haijaiva na jua likiwa tayari limeanza kushuka.

Aliyewahi kukuna nazi anajua hatari iko wapi. Mwanzo ni raha. Nyama ni nene, meno ya mbuzi yanang'ata vizuri, nazi inadondoka nyeupe kwenye sinia. Kazi iko mwishoni, nyama ikibaki utando na ukahawia wa kifuu ukianza kuchungulia. Hapo mtoto anataka amalize, anazungusha haraka haraka, na kidole cha shahada ambacho kilitakiwa kitulie nyuma ya kifuu kinapanda ukingoni. Sikusikia maumivu. Nilichoona ni nazi kwenye sinia imeingia wekundu.

Mama alichota kahawa ya unga, akaishindilia pale pale, akafunga kwa kipande cha kanga kuukuu, kisha akanihamishia kwenye kuchambua mchele, kwa maelezo kwamba mchele hauhitaji mikono miwili. Ile nazi wakapewa kuku. Futari haikuchelewa.

(Msinitupie mawe kuhusu kahawa. Nilipofika chuo cha uuguzi nilifundishwa kuikemea, halafu baadaye wodini nikaona asali na sukari zikitumika kwenye vidonda vikubwa kwa maelekezo ya madaktari. Tangu hapo kwa bibi za watu nakemea kwa sauti ya chini.)

Michirizi ya vidole hukamilika mtoto akiwa bado tumboni, na mpangilio wake haubadiliki. Ukijikata juu juu, ngozi inarudi na michirizi ile ile, utadhani hakuna kilichotokea. Ukijikata hadi tabaka la chini, huko michirizi inakoanzia, mstari unabaki hapo maisha. Umri nao una mkono wake. Ngozi inakauka, inapoteza mvutano, vile vilima vidogo vinasawazika. Kwa mtu aliyeshika saruji au sabuni kali miaka nenda rudi, hali ni mbaya zaidi. Mimi niliosha mikono kwa dawa kila baada ya mgonjwa mmoja. Kwa hiyo kile kidude cha Tandika kilikuwa na haki ya kulalamika, hata mbali na mbuzi ya nazi.

Kilichonisumbua ni ile kauli yangu. Niliisema haraka mno, kwa sauti ya kazini.

Asilimia themanini

Chumba cha vidonda kina desturi yake. Mgonjwa anakuja kutolewa nyuzi, unaloanisha, unakata fundo, unavuta uzi mmoja mmoja, unafuta kwa spiriti. Anakodoa macho kuangalia ule mstari mpya. Anauliza, "Nesi, nimepona?" Unamwambia, "Umepona, nenda salama." Nje kuna benchi limejaa. Hakuna nesi mwenye nafasi ya kusema zaidi ya hapo, na mgonjwa mwenyewe hataki kusikia zaidi ya hapo.

Siku hiyo, kwa kweli, kovu halina nguvu. Wiki ya tatu tangu kuumia, mshono una takriban asilimia 20 ya uimara wa ngozi ya awali. Mwili unaendelea. Ile kolajeni ya kwanza, protini inayoipa ngozi uimara, iliyomwagwa haraka haraka ili kuziba tundu, inang'olewa na kubadilishwa na iliyo imara zaidi, kazi inayochukua miezi, hata mwaka na kupita. Na hata baada ya hapo kovu huwa haliivuki asilimia 80 ya ngozi ya mwanzo. Hayo tulifundishwa, tukajibu mtihani, tukayaweka pembeni.

Nilichokuwa sikifikirii ni kinachofuata baada ya huo mwaka.

Kuna kisa nilikisikia chuoni kwenye somo la lishe, na nikakikumbuka usiku mmoja baada ya ile siku ya Tandika. Kati ya mwaka 1740 na 1744, Mwingereza George Anson aliongoza meli za kivita kuizunguka dunia, na mabaharia wake wakafa kwa wingi kutokana na kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Mmoja wao alikuwa mzee aliyejeruhiwa kwenye vita vya Mto Boyne huko Ireland, mwaka 1690. Majeraha yake yalikuwa yamepona zaidi ya miaka 50. Kiseyeye kilipomshika, yakafunguka upya, wazi, na mfupa wake uliovunjika zamani na kuunga ukaachana.

Miaka hamsini!

Sababu yake ni rahisi kuieleza, ila ni ngumu kuizoea. Kolajeni ya kovu haikai ilivyo. Kila siku mwili unaibomoa kidogo na kuijenga kidogo, na kwenye kovu kazi hiyo huenda kwa kasi kuliko kwenye ngozi nzima. Bila vitamini C ujenzi unasimama na ubomoaji unaendelea. Ni nyumba ya makuti: ukiona haivuji, ujue kuna mtu anapanda juu kubadilisha makuti yaliyooza, na siku akiacha, mvua itakuambia.

Kwa hiyo kile kidole cha Ramadhani ya Magomeni bado kinafanyiwa kazi. Wiki hii. Kwa machungwa ya Muheza niliyonunua juzi na mchicha wa jana. Nilikaa kitandani nikakitazama chini ya taa, na sikuweza kuamua kama habari hii inanifariji au inanichosha. Hadi leo sijaamua. Kuna siku najisikia fahari kwamba mwili haujawahi kunitupa. Kuna siku nafikiria idadi ya sehemu zinazohitaji kubadilishiwa makuti, na fundi ni yule yule, naye ana miaka yangu.

Tuliyosoma kwenye miili ya watu

Mgonjwa akivua shati unaanza kumsoma kabla hajafungua mdomo. Kwetu kitu cha kwanza kusoma ni chale. Zikiwa safu chini ya mbavu za kushoto, huyu aliwahi kuvimba bandama, na kwetu hilo mara nyingi ni malaria ya kujirudia utotoni. Zikiwa kifuani, alikohoa sana au alibanwa. Kwenye magoti, viungo. Mganga anachanja pale panapouma, anasugua dawa, na hata dawa ikishindwa, ramani ya maumivu inabaki ngozini kwa ajili ya atakayekuja baadaye. Niliwahi kufanya kazi na daktari aliyekuwa akiangalia chale kwanza ndipo aangalie faili. Alikuwa anasema faili hupotea.

Na mimi ninazo, katikati ya kifua, alizonichanja bibi yangu Kisarawe kwa kiwembe nikiwa mdogo. Ninachokumbuka ni ule wembamba wa maumivu na harufu ya mkaa uliosagwa. Kama zilisaidia, mtu wa kuulizwa hayupo.

Kuna wazee wa Kimakonde niliowahudumia wenye nembo usoni, mistari iliyopangwa kwa ustadi mashavuni na kwenye paji, ambao walicheka nilipowauliza iliuma kiasi gani. Kwao lilikuwa swali la kitoto.

Begani nina kovu la chanjo ya ndui, pana, limezama kidogo, lina mikunjo inayotoka katikati kwenda pembeni. Wenye umri wangu mnalo. Watoto wetu wana lile dogo la kifua kikuu tu, na hawajui kwamba kovu letu lina mwisho wake kwenye historia. Mtu wa mwisho kuugua ndui iliyosambaa kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alipona, na baadaye akajitolea kwenye kampeni za chanjo ya polio nchini kwake. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imeisha. Chanjo ya kawaida ikakoma, na kovu hilo nalo likakoma. Sisi tukizikwa, watakaobaki nalo watakuwa wachache sana. Katika makovu yangu yote hili ndilo pekee nisilolilalamikia hata kidogo.

Halafu kuna jirani yangu wa zamani, nilipokuwa nikiishi Mbagala. Siku mabomu yalipolipuka kwenye ghala la silaha, Aprili 29, 2009, dirisha la chumbani kwake lilimwagikia mkononi. Akatolewa vioo, akashonwa, akafungwa. Miaka ikapita. Siku moja akaja kwangu na uvimbe mdogo juu ya kiwiko, unawasha, akidhani ni jipu. Nilipoubonyeza kikajitokeza kipande cha kioo, kidogo kuliko punje ya mchele, kisafi kabisa. Alikitazama muda mrefu, akakifunga kwenye karatasi, akaondoka nacho. Sikumuuliza anakipeleka wapi.

Mwili wake ulikuwa unakisukuma muda wote huo, na yeye anapika, anasuka nywele, anakwenda harusini.

Chini ya kitovu

Hili nilipanga niliruke, ila binti yangu amesoma rasimu akasema nisiwe mwoga.

Nilijifungua mtoto wa pili kwa operesheni. Enzi zile wengi tulipasuliwa wima, kutoka chini ya kitovu kushuka, na hivyo ndivyo nilivyo. Wifi yangu mmoja alinikaribisha nyumbani kwa kuuliza kama nimezaa au nimezalishwa. Nikamjibu kwamba mtoto hana habari, anataka ziwa. Nilijifunza kufunga kanga juu kidogo ya pale, na mpaka leo mkono wangu unakwenda hapo wenyewe.

Kinachonishangaza kuhusu kovu hili ni ganzi. Pembeni yake, upande wa kulia, kuna eneo la upana wa viganja viwili ambalo nikiligusa nahisi kidole ila sihisi tumbo. Vineva vya ngozi vilikatwa na havikurudi vyote. Kazini niliwaeleza hivyo akina mama wengi, kwa utulivu, na ilikuwa kweli. Lakini kuuzoea mwili wako ukiwa na sehemu isiyoitika ni jambo jingine, na limezidi sasa tumbo lilipolegea na kukunja juu ya ule mstari. Wakati wa joto la Desemba pale ndani panachubuka, na mimi napata habari kwa kuona nguo, si kwa kuhisi.

Binti yangu naye amepasuliwa, ila kwake ni mstari wa kulala, chini kabisa, chupi inauficha. Alikuwa anataka kununua mafuta ya kufuta kovu, yale ya vikopo visivyo na maelezo. Nilimwambia asithubutu. Yamo yenye zebaki na yamo yenye dawa za kupunguza uvimbe zinazochuna ngozi, na kovu hayalifuti. Akasema, "Wewe mama ulikuwa na Baba tu wa kukuona." Jamani. Nilicheka mpaka nikakaa.

Wanaume hawana shida hii. Kaa kijiweni popote, Temeke au Kinondoni, taja ajali, uone suruali zinavyopandishwa magotini. Kila mmoja na bodaboda yake, na mpira wake wa mchangani, na wazee wana chai maharage zao, zile gari za abiria za miaka ya themanini, walizodondoka zikiwa zinatembea. Sisi makovu yetu makubwa yako mahali ambapo hapaoneshwi kijiweni, kwa hiyo hayana hadithi zilizonolewa. Hatujayasimulia mara za kutosha.

Sufuria

Kama wiki moja baada ya Tandika, mkono wangu uligusa mdomo wa sufuria jikoni. Kidoa cha kuungua kifundoni, hakifiki ukubwa wa shilingi. Zamani nisingekihesabu. Nilimwagia maji ya bomba, nikaacha.

Kilikaa. Wiki ya kwanza kikatoa maji, ya pili kikaweka kigaga, ya tatu kigaga kikabanduka na chini bado pabichi. Nikapima sukari, iko sawa. Nikapima tena kesho yake kwa sababu najua nilichokiona kazini: vidole vya miguu vilivyoanza na jiwe dogo ndani ya kandambili, mwenyewe hakuhisi kwa sababu kisukari kilishaua hisia za miguu, na alipokuja kwetu tulikuwa tumebaki na maneno ya kumwandaa tu. Sukari yangu ilikuwa sawa siku ya pili pia. Ni umri. Ngozi imekuwa nyembamba, chembe mpya zinakuja kwa kujivuta, na damu haifiki na haraka ile ya ujana.

Kwa hiyo mambo yamegeuka. Nilipokuwa msichana nilidondoka vibaya, nilikatika, niliungua na jiko la mafuta ya taa mpaka nyusi zikaisha, na sikuogopa lolote. Sasa nakiogopa kidonda cha sufuria. Navaa ndala hata bafuni. Nakata kucha kwa mwanga wa mchana.

Sina haya kusema hivyo. Woga huu una elimu ndani yake.

Muundi

Nimeacha la mwisho lile lenye ugomvi.

Kwenye muundi wa mguu wa kulia nina kovu la urefu wa kidole. Maisha yangu yote nimesimulia kwamba nilidondoka kwenye mwembe wa jirani, nikatua juu ya kipande cha bati. Mwezi uliopita, tukiwa kwa dada yangu mkubwa Yombo, nikalitaja katika mazungumzo, naye akasimamisha kikombe hewani.

"Mwembe gani? Hicho kilikuwa kidonda ndugu."

"Dada."

"Ulijikuna mbu, kikachimbika, kikanuka. Mama alikuwa anakuosha kila jioni kwa maji ya uvuguvugu na chumvi. Mimi ndiye niliyekuwa nashika koroboi. Sasa unanifundisha?"

Sikubisha. Nilirudi nyumbani, nikawasha taa ya kusomea, nikavaa miwani, nikalichunguza kovu langu kama la mgonjwa. Kidonda ndugu kikipona huacha baka la mviringo, ngozi nyembamba inayong'aa, inayoonekana itachanika ukiipiga kucha. Langu ni mstari. Na pande zote mbili za mstari kuna vidoti vilivyoachana kwa nafasi sawa, na baina ya kidoti na mwenzake kuna vimstari vinavyokatiza.

Zile ni nyuzi. Nilishonwa.

Na ninajua zaidi ya hapo. Nyuzi za usoni huzitoa siku ya 5 au karibu yake. Za mguuni unangoja siku 10 hadi 14. Zikitolewa kwa wakati, vile vidoti hufifia. Vimstari vya kukatiza hubaki pale uzi ulipokazwa mno, au ulipoachwa mpaka ngozi ikaanza kuuzunguka. Kwa hiyo kuna mtu alinibeba kunipeleka hospitali, kuna mtu alinishona kwa nafasi safi kabisa (mkono mzuri, ningempenda kazini), halafu hakuna aliyenirudisha kwa wakati. Nauli haikuwepo? Mtu aliugua? Ilikuwa masika, barabara zimejaa maji? Sina kumbukumbu hata moja ya hospitali. Dada naye hana. Nimetumia maisha yangu kuwatoa watu nyuzi, na nilikuwa na zangu mguuni nikizisimulia kama bati.

Ushahidi ninao, ningeweza kumpelekea dada na taa juu. Sikumpelekea. Kwenye hadithi yake Mama yupo kila jioni, ameinama, anaosha. Kwenye yangu kuna bati, na watoto wenzangu wanakimbia. Inawezekana kabisa Mama aliosha kidonda kilichoshonwa. Inawezekana kidonda ndugu kilikuwa cha mtoto mwingine, maana tulikuwa wengi na koroboi ilikuwa moja.

Amebaki mtu mmoja wa kuuliza, mjomba wetu wa Utete, aliyekaa nasi Magomeni akitafuta kazi bandarini. Ana miaka themanini na zaidi. Nikampigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Wa Dar huyo?"

"Mimi, mjomba. Nani alinipeleka hospitali siku ile nilipochanika mguu?"

"Mguu?" Nikasikia akihama mahali pa kelele. "Mimi nakumbuka mkono. Damu ilijaa kanga nzima ya mama yako. Nilikubeba mimi mpaka kituoni, tukapanda basi, kondakta akakataa nauli."

"Mkono upi, mjomba?"

"Wa kushoto. Kama si wa dada yako."

Nimeiangalia mikono yangu yote miwili mpaka makwapani. Kuna ndui, kuna sufuria, kuna kidole cha nazi. Hakuna mahali palipowahi kujaza kanga damu. Nikampigia dada, nikamuuliza kama ana kovu mkononi.

"Lipo. La senyenge. Kwa nini?"

Nikamweleza. Akanyamaza, kisha akapumua kwa nguvu.

"Mjomba kazeeka yule. Mimi sijawahi kubebwa na mjomba." Halafu, kabla sijajibu: "Amesema kondakta alikataa nauli?"

"Ndiyo."

"Kondakta mwenyewe alikuwa na pengo? Hapa mbele?"

Hilo sikumuuliza mjomba. Nitampigia kesho asubuhi, kabla hajaenda shamba.